Maswali ya Wasomaji: Ju-jitsu, kutoka mkanda mweupe hadi mvi

Barua za mwezi huu zote zinahusu ju-jitsu, na nyingi zimetoka kwa watu wanaofundisha au wanaotaka kufundisha. Tumechagua nane. Wanaojibu ni walimu wa mchezo huu. Palipo na hatari kwa mwili wa mtu tumejibu kwa urefu.

SWALI: Shikamooni walimu. Nina miaka 43, ni fundi seremala, na nimeanza ju-jitsu ya Kibrazili miezi minne iliyopita. Vijana wananiita babu. Itanichukua muda gani hadi niweze kufundisha, au nimeshachelewa? — Fundi, Mwanza

JIBU: Marahaba, fundi. Hujachelewa, ila hesabu yako si ya kijana wa miaka 19.

Shirikisho la ju-jitsu ya Kibrazili, IBJJF, limepanga muda wa chini wa kukaa na kila mkanda: bluu miaka 2, zambarau mwaka mmoja na nusu, kahawia mwaka 1. Jumla ni miaka 4 na nusu kutoka bluu hadi mweusi. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Kwenye tatami, yaani mikeka ya mazoezi, mtu anayehudhuria mara 3 kwa wiki bila kukatika hufika mweusi baada ya miaka 10 hivi, na wengi hukatika: goti, kazi, mtoto mchanga.

Halafu mkanda mweusi wenyewe ni mlango tu. Digrii 3 za kwanza zinataka miaka 3 kila moja, na 3 zinazofuata miaka 5 kila moja. Digrii ya 7, yenye mkanda wa nyekundu na nyeusi, inataka miaka 7. Ya 8, nyekundu na nyeupe, miaka 7 tena. Ya 9, mkanda mwekundu mtupu, miaka 10. Jumlisha utapata miaka 48 baada ya mkanda mweusi. Kwa kuwa mweusi hautolewi kwa aliye chini ya miaka 19, hakuna anayefikia mwekundu kwa kanuni hizo kabla ya kutimiza 67. Wewe ukipata mweusi ukiwa na 53, mwekundu unakusubiri ukiwa na 101. Ndiyo maana tunakuomba upime safari yako kwa kipimo kingine: ni miaka mingapi utaendelea kupanda tatami ukiwa na viungo vinavyokutii.

Kufundisha hakungoji mkanda mweusi. Klabu nyingi humpa mwenye bluu kazi ya kuwasimamia wageni dakika za mwanzo wa darasa, na mwenye zambarau hufundisha chini ya macho ya mwalimu mkuu.

Kwa kuwa unaishi kwa mikono yako, linda vidole kuanzia leo. Kinachoviharibu ni kung'ang'ania shati la mwenzako anapolichomoa kwa nguvu. Akichomoa, achia, kisha shika upya. Shika kwa vidole vitatu vya nje (kidogo, cha pete na cha kati), shahada na gumba vilegee. Kiungo kikianza kuvimba, kizungushie plasta nyembamba ya michezo kwa mtindo wa X, juu na chini ya kifundo, usizibe kifundo chenyewe. Mwaka wa kwanza fanya siku 2 au 3 kwa wiki, na raundi 3 za dakika 5 zinakutosha. Ukiamka na vidole visivyokunjika, siku hiyo usishike shati la mtu.

SWALI: Ju-jitsu, judo na ju-jitsu ya Kibrazili ni kitu kimoja au vitatu? — Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Ni ukoo mmoja. "Ju" ni ulaini, kukubali kuyumba ili usivunjike. "Jitsu" ni ufundi. Japani ilikuwa na shule nyingi za ju-jitsu, na Takenouchi-ryu, iliyoanzishwa 1532, ni miongoni mwa kongwe zaidi. Kano Jigoro alianza kujifunza mwaka 1877 kwa Fukuda Hachinosuke wa shule ya Tenjin Shin'yo, baadaye akajifunza ya shule ya Kito, na mwaka 1882 akafungua shule yake, Kodokan, katika hekalu la Eisho-ji, Tokyo. Alichokiita judo kilikuwa ju-jitsu iliyochujwa. Mbinu za kulemaza zilibaki kwenye mafunzo ya kupangwa yanayoitwa kata, na zile zinazoweza kufanywa kwa nguvu zote bila kumwumiza mwenzako ndizo zikawa mazoezi ya kila siku.

Mwanafunzi wa Kodokan, Maeda Mitsuyo, alifika Brazili mwaka 1914, na mjini Belém akamfundisha kijana Carlos Gracie. Mdogo wake Carlos, Helio, alikuwa mwepesi wa mwili, kwa hiyo akategemea wenzo na pembe badala ya misuli. Mwaka 1951 mwanajudo wa Kijapani, Kimura Masahiko, alimvunja Helio mkono katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, na Wabrazili wakaipa mbinu ile jina la mshindi wake. Ukisikia "kimura" darasani, ndiyo hiyo. Helio alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 95.

SWALI: Mimi ni kocha mpya. Ndani ya mwezi mmoja wanafunzi wangu watatu wameumia mikono, wote walipopigwa mtama. Tunafanyia mazoezi juu ya magodoro ya sponji. Tatizo ni magodoro au ni wao? — Kocha, Mombasa

JIBU: Ni yote mawili, kocha, na la kwanza ni kwamba umewafundisha kuangusha kabla hawajajua kuanguka.

Anayepigwa mtama hurudisha mkono nyuma ili ajizuie. Ni silika ya kila binadamu. Kiganja kinagusa chini, uzito wote unapanda kwa kifundo cha mkono, kiwiko na bega, na pale palipo dhaifu ndipo panapoachia: kifundo kuvunjika, kiwiko kuteguka, mtulinga kupasuka. Dawa yake ni ukemi, ufundi wa kuanguka, na ukemi hujengwa kutoka chini kwenda juu.

Wiki ya kwanza wawe wamelala chali. Kidevu kifuani, macho yatazame fundo la mkanda. Mikono inyanyuke hadi usawa wa uso, kisha ipige chini pamoja, viganja vikitazama sakafu, mikono ikiwa nyuzi 30 hadi 45 kutoka mbavuni. Upige mkono mzima, kuanzia kwapani hadi ncha za vidole. Pumzi itoke wakati wa kupiga. Mara 20, pumzika, mara 20 tena. Mikono ikipanda hadi usawa wa mabega, mshtuko unaingia begani. Ikibana sana mbavuni, kiwiko kinatangulia na kuumia.

Wiki ya pili wachuchumae. Makalio yashuke karibu na visigino, mgongo uviringike kama kitako cha mtumbwi, ndipo mikono ipige. Wiki ya tatu wasimame, lakini kabla ya kuanguka wapige magoti kwanza hadi wachuchumae. Anayeanguka akiwa wima kama nguzo mrudishe kwenye kuchuchumaa, hata kama anaona haya.

Kuanguka kwa ubavu ndiko kunakohusika zaidi na mtama, na huku kosa huwa miguuni. Miguu ikipishana, goti la juu linaligonga la chini. Miguu iachane kwa upana wa mabega, wa chini ulale kwa ubavu wake wa nje, wa juu ukanyage kwa unyayo. Mkono mmoja tu ndio unaopiga, ule wa upande unaoanguka. Kwa kubiringika mbele, njia ni ya mshazari: ukingo wa mkono wa kulia, bega la kulia, kisha mgongo hadi nyonga ya kushoto. Kichwa hakigusi chini kabisa. Anayesikia maumivu ya mtulinga anapitia juu ya bega badala ya nyuma yake. Mwambie atazame kwapa la upande wa pili.

Anayeangusha naye ana kazi. Hadi mwenzake atue, hauachii mkono wa shati, na mwishoni anauvuta juu kidogo. Mvuto huo mdogo ndio unaozuia kisogo kugonga chini. Kwa sababu hiyo usiwape wageni o-soto-gari, ile ya kufyeka mguu kwa nyuma, kabla ya miezi 3. Inamwangusha mtu moja kwa moja kinyumenyume, na katika judo ndiyo mbinu inayohusishwa sana na majeraha ya kichwa kwa wanaoanza. Mtu akigonga kichwa, mazoezi yake ya siku hiyo yamekwisha. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, maumivu yakizidi au mboni za macho zikitofautiana, ni hospitali mara moja. Asilale peke yake usiku huo.

Sasa magodoro. Sponji laini inameza mguu. Unyayo unazama, mwili unazunguka, goti linabaki nyuma. Tatami za mchezo ni ngumu kuliko watu wanavyotarajia: kipande cha mita 1 kwa 2, unene wa sentimita 4, kisichotelezeka chini. Eneo la mita 8 kwa 8 linahitaji vipande 32. Zile za kuunganisha kwa meno zenye sentimita 2 zinafaa kwa kazi ya chini tu, si kuangushana.

Kama fedha haipo, kuna njia ya unga wa mbao. Tengeneza fremu ya mbao ya mita 6 kwa 6, mwaga unga wa mbao na ushindilie hadi upate kina cha sentimita 15, kisha vuta turubai la lori juu yake na ulikaze kwa kamba pande zote nne. Utahitaji mita za ujazo 5.4 baada ya kushindilia, kwa hiyo agiza zaidi ya hapo. Kabla ya kumwaga, pepeta wote: msumari mmoja unatosha kuharibu mguu wa mtoto. Kila wiki legeza turubai usawazishe, maana unga hukimbilia pembeni na kuacha mashimo katikati, hapo hapo mnapoangukia. Ukilowa, utoe wote uanikwe. Ukiacha, unaota ukungu na vifua vinaanza kubana.

Wiki hizi 4 zijazo, kocha, usipige mtama hata mmoja darasani. Mwezi wa ukemi unachosha, tunajua, na vijana wawili watatu watakukimbia.

SWALI: Mwenzetu alizimia kwenye kabari. Wengine walimmwagia maji, wengine wakampiga makofi. Alizinduka, lakini tuliogopa sana. Kipi kilikuwa sahihi? — Msomaji, Bujumbura

JIBU: Hakuna hata kimoja katika hivyo viwili.

Mtaani neno kabari linatisha kwa sababu ya vibaka, na lina haki ya kutisha. Kwenye dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, kinacholibadilisha ni kwamba anayekabwa anaweza kugonga kuonyesha amekubali kushindwa, na anayekaba lazima aachie. Kugonga ni mara mbili au zaidi, juu ya mwili wa mwenzako ili ahisi, au kwenye tatami, au kwa mguu kama mikono imefungwa, au kwa kusema tu. Refa au mwalimu akiona mkono umelegea, asingoje agongwe.

Kabari iliyowekwa vizuri haigusi koromeo. Katika ile ya nyuma, hadaka-jime, kiwiko chako kinakaa chini ya kidevu cha mwenzako, msuli wa mkono unabana upande mmoja wa shingo na kigasha upande wa pili. Damu ya kwenda kwenye ubongo inapungua, na mtu huzimia ndani ya sekunde 10 hivi. Ukiona anakohoa na kukoroma, kigasha chako kimelala juu ya zoloto. Hapo unampa maumivu, na gegedu ya zoloto inaweza kuvunjika. Achia, rekebisha kiwiko.

Aliyezimia afanyiwe hivi. Achia papo hapo. Mlaze chali taratibu, inua miguu sentimita 30 hivi, legeza kola. Tazama kifua kama kinapanda. Wengi huzinduka ndani ya sekunde 10 hadi 20, wakiwa wamechanganyikiwa, na wengine hutetemeka kidogo. Mweleze kwa sauti ya chini yuko wapi. Akitapika mgeuze ubavu. Usimpe maji mdomoni, usimsimamishe haraka. Zikipita sekunde 30 bila kuzinduka, mmoja wenu apige simu ya dharura. Akiwa hapumui kawaida, anza kukandamiza katikati ya kifua: kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mara 30 kisha pumzi 2, hadi msaada ufike.

Baada ya kuzinduka, siku hiyo harudi tatami hata akisisitiza. Na kuna jambo ambalo walimu wengi hawalisemi: kwa siku kadhaa zinazofuata, maumivu mapya ya shingo upande mmoja, kichwa kuuma kusiko kwa kawaida, ulimi kuwa mzito, jicho kuona kiza au mkono kufa ganzi ni sababu ya kwenda hospitali bila kungoja asubuhi. Ukuta wa mshipa wa shingo unaweza kuchanika ndani na kuleta kiharusi. Ni nadra, lakini mwanafunzi anapaswa kuijua dalili hiyo kabla ya kukabwa mara ya kwanza.

SWALI: Juji-gatame yangu, ile kufuli ya kunyoosha kiwiko, haikamatiki. Kila nikilala, mwenzangu anageuka na kutoka. — Mkanda bluu, Arusha

JIBU: Kuna mwanya kati ya makalio yako na bega lake. Mara nyingi ndiyo sababu, na kaka, mwanya wa upana wa ngumi unamtosha.

Mwenzako akiwa chali, kaa ukigusana naye begani kabisa. Mguu mmoja upite juu ya uso wake, mwingine juu ya kifua, na visigino uvivute kuelekea makalio yako. Magoti yabane mkono wake kama jiliwa ya seremala. Shika kifundo chake kwa mikono miwili, ukiegemeza kigasha kifuani kwako. Gumba lake litazame dari, kiwiko kitazame chini juu ya mfupa wa kinena chako. Sasa ndipo ulale, mgongo ukishuka taratibu, na nyonga ipande kidogo kidogo. Gumba likigeuka pembeni, kiwiko nacho kimegeuka na nguvu yako inapotea. Miguu ukiipishana mapema, magoti yanafunguka.

Akiwa ameshikanisha mikono yake, usivute moja kwa moja. Hayo ni mashindano ya misuli ya migongo. Pitisha mkono wako ndani ya kiwiko chake, shika kola yako mwenyewe, kisha egemea kuelekea upande wa kichwa chake kwa mshazari. Mshiko wake unafunguka kwenye vidole.

Mazoezini, mkono ukishanyooka, hesabu tatu kimoyomoyo kabla ya kuongeza hata nusu sentimita. Kiwiko kinatoa taarifa kwa maumivu. Goti halitoi. Katika mbinu za kuzungusha kisigino, kano za ndani ya goti huanza kuchanika kabla mtu hajasikia maumivu makali, na ndiyo maana IBJJF inaziruhusu kwa watu wazima wa mikanda ya kahawia na mweusi tu, katika mashindano yasiyo na gi, lile vazi la mazoezi. Wewe ni bluu. Zisubiri.

SWALI: Choa kimeingia klabuni kwetu, karibu nusu ya wanafunzi wanacho. Tunasafisha tatami kwa maji ya sabuni kila Jumamosi. — Kiongozi wa klabu, Goma

JIBU: Jumamosi peke yake haitoshi. Safisheni kila siku ya mazoezi.

Anzeni na sabuni, kwa sababu klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha dawa. Kwa klorini ya kawaida ya nyumbani yenye nguvu ya asilimia 3.5 (tazameni kwenye chupa), mililita 300 katika lita 10 za maji hutoa asilimia 0.1 hivi. Pakeni, tatami ibaki imelowa dakika 10, futeni kwa maji safi. Mchanganyiko wa jana umeshapoteza nguvu, umwageni. Damu inahitaji dawa kali zaidi: sehemu 1 ya klorini hiyo kwa sehemu 6 za maji, ambayo ni asilimia 0.5. Kamwe msichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka ni sumu.

Mwenye choa apake dawa kama clotrimazole mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, bila kuacha pale ngozi inapopendeza. Kanuni za mieleka ya vyuo vya Marekani humtaka mtu mwenye choa cha mwilini awe ametumia dawa kwa saa 72 angalau kabla ya kurudi, na cha kichwani, kinachohitaji vidonge, siku 14. Nanyi fuateni hivyo. Anayekwenda chooni avae ndala na kuziacha nje ya tatami. Gi ifuliwe kila baada ya zoezi, na mkanda nao ufuliwe. Ile imani kwamba kufua mkanda kunaosha elimu inawagharimu ngozi.

SWALI: Ndugu yangu yuko Abu Dhabi, anasema wanawe wanafundishwa ju-jitsu shuleni. Ni kweli? Na mtoto afundishwe kukaba? — Mzazi, Zanzibar

JIBU: Ni kweli. Umoja wa Falme za Kiarabu uliingiza mchezo huu katika shule za serikali tangu 2008, na Abu Dhabi ndiko yalikozaliwa mashindano makubwa ya kushikana na kukabana yanayoitwa ADCC mwaka 1998. Mwaka 2018 ju-jitsu iliingia Michezo ya Asia, Jakarta.

Kuhusu kukaba, msimamo wetu ni kwamba chini ya miaka 13 hapana. Mtoto hajui kugonga kwa wakati, naye mwenzake hajui kupima nguvu. Mfundishe kuanguka, kumshikilia mtu chini bila kumwumiza, na kutoka chini ya mtu mzito. Hayo yanamtosha kwa miaka mingi. Mikanda yake ni kijivu, njano, chungwa na kijani. Bluu haitolewi kabla ya miaka 16.

SWALI: Hamjambo walimu. Mimi ni mama wa miaka 57, nimefundisha judo na ju-jitsu kwa miaka 22. Magoti yameanza kukataa, na wazazi wengine wanasema mwanamke mtu mzima awaachie vijana. Nataka kuendelea. Nifanyeje? — Mwalimu, Nairobi

JIBU: Shikamoo, Mama Mwalimu. Hao wazazi wasimuliwe habari za Fukuda Keiko. Alikuwa mjukuu wa yule Fukuda Hachinosuke aliyemfundisha Kano ju-jitsu. Alizaliwa 1913, akaingia darasa la wanawake la Kodokan mwaka 1935, mwembamba na mfupi wa kimo cha chini ya sentimita 150. Alifika dani (daraja la mkanda mweusi) ya 5 mwaka 1953 na hapo akazuiwa, kwa sababu wanawake hawakupewa zaidi. Dani ya 6 aliipata 1972. Hakungoja. Alionyesha ju-no-kata, mojawapo ya kata za judo, kwenye Olimpiki ya Tokyo ya 1964, akahamia Marekani 1966, akafundisha San Francisco hadi miaka yake ya tisini na kitu. Kodokan walimpa dani ya 9 mwaka 2006, na mwaka 2011 chama cha judo cha Marekani kikampa ya 10. Alifariki Februari 2013, miezi 2 kabla ya kutimiza miaka 100.

Wala si yeye peke yake. Edith Garrud wa London, naye mfupi vilevile, aliwafundisha ju-jitsu wanawake waliokuwa wakilinda viongozi wa harakati za kudai haki ya wanawake kupiga kura mwaka 1913, na aliishi hadi 1971. Na Tani Yukio, mwalimu wa kwanza wa klabu ya Budokwai iliyofunguliwa London mwaka 1918, alipatwa na kiharusi mwaka 1937. Aliendelea kufundisha akiwa amekaa kando ya tatami hadi alipofariki mwaka 1950.

Sasa magoti yako. Acha kukaa seiza, yaani kupiga magoti ukikalia visigino, kwa zaidi ya dakika moja. Kunja taulo nene uikalie, au simama. Acha kutembea kwa kuchuchumaa kama zoezi la kupasha mwili joto. Mara 2 kwa wiki fanya zoezi la kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 8 hadi 10, seti 3, na kupanda kidato cha sentimita 20 mguu mmoja mmoja. Goti likivimba ndani ya saa 24, punguza nusu, usiache kabisa. Goti lililopumzishwa miezi mitatu hurudi dhaifu kuliko lililofanyishwa kidogo.

Mapambano ya kusimama waachie vijana, na hilo halikushushii heshima. Wewe anzia chini, raundi 2 za dakika 4, na mwenzako umchague mwenyewe: asiye mzito, asiye na pupa. Unapomzuia mtu usibane pumzi, kwani shinikizo la damu hupanda kwa ghafla. Endelea na ukemi kila wiki, hata kama ni kubiringika kutoka magotini tu, maana baada ya miaka 60 kuanguka bafuni ni hatari kuliko mashindano yoyote. Na jifunze ju-no-kata kama bado. Ina mbinu 15 katika seti 3 za 5, hufanywa polepole, bila mtu kuangushwa, hata kwa nguo za kawaida. Mwalimu anayeijua anaweza kuonyesha namna ya kumvunja mtu mizani bila kumrusha.

Sasa waandae watakaokusaidia. Chagua wawili, mmoja wao awe binti. Kwa miezi 6 ya kwanza kila mmoja afundishe dakika 15 za ukemi huku wewe umesimama kando, na usimkatize mbele ya wanafunzi. Makosa yaandike, mwambie baada ya darasa. Miezi 6 inayofuata waongezee hadi dakika 45. Weka daftari moja la klabu: jina la mwanafunzi, tarehe aliyoanza, majeraha ya zamani, mbinu alizokwisha kufundishwa. Kwa sasa mambo hayo yote yamo kichwani mwako tu, na siku goti litakapokulaza kitandani wiki mbili, wale wawili watahitaji kujua nani asiangushwe upande wa kushoto kwa sababu bega lake liliwahi kuteguka.